Mota za CNC kuukuu zimelegea: ununue mota mpya, ubadilishe draiva, au uhamie sevo?

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mzee mmoja wa Keko, hapa Dar, aliniambia kwenye simu jambo alilokwisha kuliamua: "Mwanangu, mota zangu zimechoka. Nitafutie tatu, kubwa kuliko hizi." Mashine yake ni ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, yenye meza ya milimita 600 kwa 900. Ilipita mikono miwili kabla ya kumfikia, naye anachongea nakshi za vichwa vya vitanda. Kwenye ubao wa kiwandani wa MDF haina neno. Akiweka mninga, ikifika katikati ya ua, mhimili wa X unaguna, unabaki nyuma, na kuanzia hapo nakshi yote inahamia kando upana wa kidole. Kompyuta haina habari, inaendelea tu mpaka mwisho, maana stepa ya kawaida, mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo, haina jicho la kuiambia kwamba hatua zimepotea.

Nilimwomba asinunue kitu mpaka nifike na tesita. Ombi hilo nimelitoa Keko, Buguruni, Vingunguti, na mara nyingi mwenye mashine hununa, kwa sababu mota mpya inaonekana kama dawa: unaishika, ni nzito, inang'aa. Lakini ukiifikiria, mota ya stepa ina nini cha kuchoka? Haina kaboni za kusuguana. Ina shaba, sumaku, na beringi mbili. Vinavyozeeka ni vile vinavyoizunguka: kapasita za saplai ya umeme, soketi zilizoliwa na chumvi ya hewa yetu ya pwani, grisi iliyogeuka ugali kwa vumbi la mbao, na draiva, vile vifaa vya elektroniki vinavyoilisha mota umeme, zilizokuwa dhaifu tangu siku zinatoka kiwandani.

Ujue kwanza ni udhaifu wa namna gani

Kuna mota isiyo na nguvu kabisa, na kuna mota yenye nguvu ikienda polepole lakini ikikimbizwa inaishiwa pumzi. Haya ni magonjwa mawili, na ukiyachanganya utanunua dawa ya mwenzio.

Zima spindeli (ile inayozungusha kisu), washa mashine, kisha iamuru isogee kwa mwendo wa kinyonga, milimita 100 kwa dakika, huku umeweka kipande cha mbao kizuie njia. Ikikisukuma kipande bila wasiwasi, mota ni nzima. Sasa panda mpaka 2,000 au 3,000. Ikianza kuguna na kusimama huko juu, shida yako ni volti au jinsi koili zilivyofungwa. Ikishindwa hata kwenye mwendo wa kinyonga, tafuta ampea zilizowekwa chini, waya uliokatika ndani ya ganda lake, draiva iliyokufa upande mmoja, au chuma kinachobana. Usitumie kipimo cha kushika kwa mkono skrubu ndefu inayosogeza mhimili mashine ikiwa imetulia, kwa sababu draiva nyingi hushusha ampea hadi nusu mota inaposimama, ili isichemke bure. Utaihukumu mota kwa kosa ambalo si lake.

Hapa kuna hesabu ambayo huwa naiandika kwa chaki kwenye meza ya mteja. Nguvu ya kusukuma ni 2 mara 3.14, mara torki ya mota (nguvu yake ya kuzungusha), mara ufanisi wa skrubu, gawanya kwa umbali ambao skrubu inasogea kwa mzunguko mmoja. Chukua mota ndogo ya Newton-mita 1 tu, skrubu ya milimita 5, na ufanisi wa nusu kwa sababu mashine ni kuukuu: unapata Newton 628, kama uzito wa mtu wa kilo 64 anayesukuma. Mota nyingi za NEMA 23 (namba ya ukubwa wa uso wa mota) zilizofungwa kwenye mashine za ukubwa huu zina zaidi ya hiyo Newton-mita 1. Kwa hiyo mhimili ukigoma kwenye mwendo wa polepole, usiseme mota ni ndogo. Mtu wa kilo 64 anasukuma na bado haujasogea: kuna kitu kimekwama.

Usafi na tesita, kabla ya pochi

Njia ya kwanza haina gharama zaidi ya grisi na nusu siku. Zima umeme, legeza kaplingi (kiungo cha mota na skrubu), kisha sukuma meza kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Panapokaza ndipo pa kufungua. Reli huharibika zaidi kwenye sehemu ya kazi ya kila siku, pembeni zikabaki nzuri, hivyo usiisukume kidogo tu ukasema iko sawa. Kagua skrubu ndogo za kaplingi. Moja ikilegea, shafti inateleza ndani yake na utaapa kwamba mota inapoteza hatua. Chora mstari wa kalamu kutoka kwenye shafti hadi kwenye kaplingi, chonga kazi moja, urudi kuangalia kama mstari umevunjika. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, nacho kimenipa majibu mara nyingi kuliko tesita.

Kisha umeme. Pima omu za koili mbili za mota moja: zinatakiwa zilingane. Pima kati ya waya na ganda la chuma la mota: pasiwe na mawasiliano kabisa. Ukiunganisha nyaya mbili za koili moja pamoja, mota ikiwa nje ya mashine, shafti lazima iwe nzito kuzungusha kuliko ilivyokuwa. Ikibaki vilevile, koili hiyo imekatika, au sivyo umechanganya nyaya za koili mbili. Halafu badilisha: kebo ya X ipeleke kwenye draiva ya Y. Ugonjwa ukihamia Y, mtuhumiwa ni mota, kebo au chuma cha X. Ukibaki kwenye kiunganishi kilekile, ni draiva.

Tahadhari mbili. Usichomoe kebo ya mota draiva ikiwa na umeme, hata sekunde moja. Cheche ya koili inayokatiwa umeme inaua draiva, na hapo umeongeza shida juu ya shida. Pili, usifungue mota ukatoa rota ili "uisafishe". Sumaku ya ndani, hasa kwenye mota za zamani, hupungua nguvu pale rota inapotoka kwenye chuma chake, na ukiirudisha haiwi ileile. Mota nyingi ambazo kweli zimechoka zilichoshwa na fundi mwenye bisibisi.

Draiva na volti upande huu, mota mpya upande ule

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa.

Koili ni kaidi. Ukiipa umeme, ampea hazifiki papo hapo. Zinapanda taratibu, na kadiri induktansi (ule ukaidi wa koili) ilivyo kubwa ndivyo zinavyochelewa. Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Kwenye skrubu ya milimita 5, mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika ni mizunguko 600 kwa dakika, yaani mizunguko 10 kwa sekunde, hatua 2,000 kwa sekunde. Kila hatua ina nusu ya milisekunde tu. Ndani ya muda huo ampea zipande, zifanye kazi, zigeuke. Zikichelewa, hatua nyingine imeshafika na mota inafanya kazi ikiwa na njaa.

Mota za mzee zilikuwa za nyaya sita, na kibandiko kikisema ampea 3. Mtu fulani kabla yake alizifunga kwa koili nzima, mwisho hadi mwisho, akiuacha waya wa katikati ukining'inia. Kwa koili nzima induktansi ilikuwa milihenri 8, na ampea zinazofaa ni kama 2.1. Saplai ilikuwa volti 24. Zidisha 8 kwa 2.1, gawanya kwa 24: milisekunde 0.7, na hapo nimesahau makusudi ukinzani wa koili na umeme ambao mota yenyewe inazalisha ikizunguka. Hatua ina milisekunde 0.5. Yaani ampea hazikuwahi kufika hata siku moja. Ukiifunga mota hiyohiyo kwa nusu koili, kutoka mwisho mmoja hadi waya wa katikati, induktansi inashuka hadi robo, milihenri 2, na kwa ampea 3 muda unakuwa milisekunde 0.25. Ukiongeza volti hadi 43, unakuwa milisekunde 0.14. Mota ni ileile, na kilichobadilika ni waya mmoja na saplai.

Sasa linganisha na dawa aliyoitaka mzee. Angenunua mota kubwa za NEMA 34, zenye torki mara tatu au nne kwenye karatasi, akazifunga kwenye draiva zake na volti zake 24. Torki inayoandikwa kwenye kibandiko ni ya mota ikiwa imesimama. Mota kubwa kwa kawaida huwa na induktansi kubwa na rota nzito, hivyo kwa volti chache ingeshika kama nanga ikiwa imesimama, na ikikimbizwa ingeanguka mapema kuliko ile ndogo. Tena matundu ya boliti ya NEMA 23 yako umbali wa milimita 47.14, ya NEMA 34 ni 69.6, na shafti nazo ni nene zaidi. Angehitaji mabamba mapya kutoka kwa mkerezaji wa Gerezani na kaplingi mpya, halafu mashine ikimbie polepole kuliko jana. Nimeiona karakana iliyofanya hivyo, na mpaka leo wanailaumu mota.

Upande wa draiva, mashine nyingi za aina hii zilikuja na bodi moja ya bluu yenye chipu za TB6560 kwa mihimili yote. Chipu hiyo mwisho wake ni volti 40, na usalama wake uko chini ya 34. Draiva moja ikiungua, bodi nzima inakwenda. Ngazi inayofuata ni draiva za kidijitali za kila mhimili peke yake. DM542, kwa mfano, hupokea volti 20 hadi 50 na hutoa ampea za kilele 4.2, na mota ilipokuwa ikitetema na kuunguruma kwenye mwendo wa kati, sasa inatulia. Hilo la utulivu watu hulidharau, kumbe hatua nyingi hupotea kwenye mtetemo na si kwenye uzito wa kazi.

Kikomo cha volti za mota kinakadiriwa kwa kanuni ambayo mafundi wa CNC wameizoea: 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri. Kwa milihenri 2 unapata kama 45. Kwa milihenri 4 ni 64. Ukivuka hapo mota inachemka bila kuongeza kitu. Na usiweke volti 48 kwenye draiva ya mwisho 50 ukalala usingizi. Meza nzito ikifunga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye saplai, volti zinaruka juu. Saplai nyingi za 48 zina skrubu ndogo ya kurekebisha, ishushe hadi karibu 43.

Kwenye ukubwa wa saplai usidanganyike kujumlisha ampea zote. Chukua kama theluthi mbili: mota tatu za ampea 3, hesabu ampea 6, mara volti 43, ni wati 258. Ya wati 350 inatosha na chenji. Kama mashine bado ina saplai ya zamani ya transfoma na kapasita kubwa, pima volti zake jioni mtaa mzima ukiwa umewasha feni na friji. Saplai ya aina hiyo hushuka pamoja na umeme wa ukutani, ile ya kisasa haishuki kirahisi. Kuna mashine ambazo ni nzima asubuhi na wagonjwa saa moja usiku, na sababu ni hiyo tu. Kapasita iliyovimba kichwani au kuvuja chini, usiihurumie.

Kitu kimoja zaidi kuhusu swichi ndogo za ampea. Jedwali lililochapwa ubavuni mwa draiva huwa na safu mbili, ampea za kilele na ampea za wastani. Mtu ana mota ya ampea 3, anatafuta 3 kwenye safu ya kilele, anaweka. Kwa kweli ameipa mota 2.1, amejinyima karibu asilimia 30 ya torki aliyoilipia. Panda taratibu, kisha gusa mota baada ya nusu saa ya kazi. Nyuzi joto 60 au 70 kwa stepa ni kawaida, hata kama mkono hauwezi kukaa. Ikifika 80, rudi nyuma. Na kwenye joto la Dar la Februari, draiva zilizofungiwa ndani ya boksi lisilo na feni huchoka kabla ya mota.

Lini basi mota mpya ndiyo jibu? Koili ikiwa imekatika au inagusana na ganda la mota. Beringi zikiwa na mchezo. Rota ikiwa imewahi kutolewa. Au mota ikiwa ya zamani yenye induktansi kubwa mno kiasi kwamba hakuna draiva ya bei ya kawaida itakayoilisha. Hapo nunua, lakini ununue ya NEMA 23 yenye milihenri 2 hadi 4, na umlazimishe muuzaji wa Kariakoo akuonyeshe karatasi ya vipimo kwa namba ya mota. Neno "ina nguvu sana hii" si kipimo.

Mota yenye enkoda, na sevo kamili

Stepa yenye enkoda mgongoni, yaani lile jicho la kupima mzunguko, hufanya kitu ambacho zile tatu za mzee haziwezi: ikibaki nyuma inajua, inajaribu kufidia, ikishindwa inasimamisha kazi kwa alamu. Haikupi miujiza ya torki, lakini ubao wa mninga unaokoka. Kwa anayechonga mlango mzima kwa saa nne, alamu hiyo ni ya thamani. Kwa anayechonga kibao cha jina cha dakika kumi, ni anasa. Sharti lake ni kwamba mota na draiva hununuliwa pamoja, na waya wa alamu lazima ufike kwenye bodi ya kompyuta. Nimekuta mashine tatu zina enkoda na waya wa alamu umekunjwa ndani ya boksi, haujaunganishwa popote. Hiyo ni stepa ya kawaida iliyonunuliwa ghali.

Sevo ya AC, mota inayojirekebisha muda wote kwa kufuata enkoda yake, ni habari nyingine. Ya wati 400 hutoa karibu Newton-mita 1.27 mfululizo mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, na kwa muda mfupi hufika karibu mara tatu ya hapo. Fundi mwenye mazoea ya stepa akiona 1.27 hucheka, lakini stepa ya Newton-mita 2 ikifika mizunguko 1,000 huwa imebaki na sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ila mashine kuukuu yenye skrubu ya milimita 5 haitakiwi kuzunguka 3,000. Skrubu ndefu itapiga mjeledi, reli zitalia. Unafunga injini ya basi kwenye bajaji. Sevo naielewa kwa mashine kubwa ya milango yenye fremu nzito na kazi ya kila siku, hasa kama mwenye mashine yuko tayari pia kurekebisha mihimili.

Kompyuta nitaigusia kwa kifupi. Kama bado unatumia poti ya printa ya pini 25, mota inaweza kusingiziwa udhaifu kwa sababu mapigo yanafika yamechelewa au volti za ishara ni 3.3 wakati draiva inatarajia 5. Ukiona hatua zinapotea ovyo hata mashine ikichonga hewani, na inatokea zaidi ukifungua programu nyingine, usiguse mota. Mach3, programu ya kuendesha CNC, kwa poti hiyo inataka Windows ya biti 32, na mashine isiwe na kazi nyingine.

Mimi ningeenda hivi

Mwenye mtaji mdogo na mota za nyaya sita au nane aanze na kusafisha na kufunga upya koili, aone. Gharama yake ni jasho. Asiporidhika, draiva za kidijitali tatu na saplai moja, hata kwa awamu, saplai kwanza ikiwa bodi yake inaweza kubeba volti zaidi. Mota aziache mpaka zithibitishwe kufa. Enkoda kwa mwenye kazi ndefu kwenye mbao za bei. Sevo kwa mwenye karakana ya kweli, si kwa mwenye mashine moja iliyofungwa kwenye meza ya mbao. Mhimili wa Z una kesi yake: unabeba spindeli ikining'inia, na mara nyingi silinda ya gesi kama zile za mlango wa nyuma wa gari huupa nafuu kuliko mota mpya.

Kwa mzee nilianza na reli. Grisi ya X ilikuwa tope jekundu la mninga, tuliikwangua kwa kijiti. Mhimili uliokuwa unaguna kwenye 1,000 ukafika 1,500. Tukafunga nusu koili, ukazidi 2,000. Wiki mbili baadaye alileta draiva na saplai, na sasa anachonga kwa 3,000 bila ua kuhama. Mota ni zilezile tatu, bado zina kutu kwenye boliti. Pesa aliyokuwa ametenga kwa mota kubwa amenunulia mashine ya kuvuta vumbi, na mjukuu wake ndiye anayepaka grisi kila Jumamosi kabla ya kufunga.